Tunda la Kazi ni la Nani? Gita Mdomoni mwa Mwajiri

Oktoba 2025 Wizara ya Kazi ya India ilitoa rasimu ya sera mpya ya kazi na ajira, Shram Shakti Niti 2025, ikawataka wananchi watoe maoni. Rasimu za namna hii kwa kawaida huishia mezani kwa wanasheria na makatibu wa vyama vya wafanyakazi. Hii ilitoka nje ya meza hizo, kwa kuwa ilisema kwamba kwa mtazamo wa India kazi ina uzito kuliko riziki: ni mchango wa mtu katika dharma, mpangilio wa haki na wajibu unaoishikilia jamii. Ikataja na maandiko ya kale, Arthashastra na Manusmriti yakiwemo, kama ushahidi kwamba mtawala wa enzi hizo alipaswa kumlinda mfanyakazi na kumpa ujira wa haki. Wapinzani wakaja juu, na si ajabu. Manusmriti ndicho kitabu ambacho B. R. Ambedkar, mtetezi wa watu wa matabaka yaliyodharauliwa, na wafuasi wake walikichoma hadharani mjini Mahad tarehe 25 Desemba 1927 kwa ajili ya sheria zake za matabaka.

Kila mabishano kama haya yanapozuka, iwe ni kuhusu sera, saa za kazi au nyongeza ya mshahara, aya moja ya Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, haikosi kuchomoza. Ni ile ya sura ya pili, aya ya 47, isemayo kwamba mtu ana haki juu ya kazi yake lakini hana haki juu ya matunda ya kazi hiyo. Utaikuta kwenye semina za mameneja, kwenye jumbe za asubuhi za WhatsApp, na kwenye kalenda za ukutani zenye picha ya Krishna na Arjuna juu ya gari la farasi, kalenda ambazo hata sisi huku pwani tumeziona nyuma ya kaunta za maduka ya Wahindu. Wanaoipenda huisoma kama dawa ya msongo na siri ya ufanisi. Wanaoichukia huisoma kama amri kwa maskini: fanya kazi, usiulize. Naona pande zote mbili zimeteleza mahali pamoja. Zote zimesahau kuuliza nani anasema na nani anaambiwa. Kutenda bila kudai tunda ni nidhamu ambayo mtu hujiwekea mwenyewe, juu ya tamaa yake mwenyewe. Siku anapoichukua mwenye kuvuna akamwekea anayelima, imekuwa kitu kingine kabisa, hata kama maneno ni yaleyale.

Tuanze na mazingira, maana aya hii imebebwa peke yake muda mrefu hadi watu wamesahau ilikotoka. Gita ni sehemu ndogo ya utenzi mkubwa wa Mahabharata: sura 18, aya zipatazo 700. Majeshi mawili ya ndugu wa ukoo mmoja yamepangwa uwanja wa Kurukshetra, katika jimbo ambalo leo linaitwa Haryana. Arjuna, mpiga upinde asiye na mfano, anatazama upande wa pili na kuwaona babu yake, mwalimu wake na binamu zake. Mikono inamlegea. Anaketi ndani ya gari na kusema hapigani. Yote yanayofuata ni mazungumzo kati yake na mwendesha gari wake, Krishna, ambaye Wahindu humwabudu kama Mungu. Nyuma ya tukio hilo la vita kulikuwa na swali lililoitikisa India ya kale kwa karne nyingi: ikiwa kila tendo lina matokeo, na kila matokeo yanamfunga mtenda katika mzunguko wa kuzaliwa na kufa, basi mwenye akili afanyeje? Wako waliojibu kwa vitendo. Waliacha nyumba, mke na mali, wakaingia msituni ili wasitende tena. Gita inakataa jibu hilo. Inasema kutotenda hakuwezekani, kwani hata kuutunza mwili ni kazi, na kwamba kinachomfunga mtu ni kule kulikumbatia tunda, wala si tendo lenyewe. Baki kazini, acha madai.

Ndiyo maana aya ya 47 ina vipande vinne, na kalenda nyingi huishia kwenye cha pili. Haki yako i katika kazi. Haiko kamwe katika matunda. Usitende kwa ajili ya tunda. Wala usishikamane na kutotenda. Kipande cha nne ndicho kinachofunga mlango ambao wasomaji wavivu hupenda kuuacha wazi, kwa kuwa bila hicho mtu angeweza kusema: kama matokeo si yangu, kwa nini nijichoshe?

Hapa niiondoe njiani hoja iliyo dhaifu kuliko zote, ambayo hata wasomi huirudia: kwamba asiyejali matokeo hawezi kufanya kazi nzuri, kwa hiyo fundisho hili ni mama wa uzembe na ndilo lililoidumaza India. Hoja hii haistahimili hata kusomwa kwa kitabu chenyewe. Aya tatu tu mbele, sura hiyohiyo ya pili inasema yoga, yaani nidhamu ya nafsi, ni ustadi katika kazi. Sura ya 18, inapopanga matendo kwa ubora wake, inaliweka daraja la chini kabisa, daraja la giza, lile tendo linaloanzwa kwa upumbavu bila kuangalia litaleta nini, litaharibu nini, litamdhuru nani, na kama mtendaji analiweza. Aya inayofuata inamsifu mtenda kazi asiyejifunga na matokeo, na kati ya sifa zake zimetajwa uthabiti na bidii. Kwa hiyo kwa mujibu wa Gita yenyewe, daktari wa upasuaji asiyepima hatari kabla ya kushika kisu hajawa mtawa. Amekuwa hatari. Kutazama matokeo kabla ya kutenda ni sehemu ya kazi. Kinachokatazwa ni kuyafanya matokeo kuwa mali yako, moyo ukaanza kupanda na kushuka nayo. Gandhi alilisema hili waziwazi katika utangulizi wa tafsiri yake ya Gita kwa Kigujarati: kuachilia tunda si kutojali matokeo, kwani kwa kila tendo mtu lazima ajue linatarajiwa kuleta nini, njia zake ni zipi na uwezo wake ni upi. Tafsiri hiyo ilitoka tarehe 12 Machi 1930, siku aliyoanza kutembea kwenda Dandi kuivunja sheria ya chumvi, safari ya kilomita zaidi ya 380 iliyopangwa kijiji kwa kijiji. Mtu asiyejali matokeo hapangi hivyo.

Msomaji Mwislamu wa Mombasa au Unguja atakuwa ameshaona jambo analolijua: mfunge ngamia wako, kisha tawakali. Ulinganifu upo, ila usivutwe mbali mno. Mwenye kutawakali anamwachia Mungu anayemjua na anayemwomba. Gita ina njia hiyo pia, ya kumkabidhi Mola kazi zote, lakini ina na nyingine isiyohitaji hilo, ya mtu kuutuliza moyo hadi kushinda na kushindwa kuwe sawa kwake. Wafafanuzi wa Kihindu wenyewe hawajakubaliana ipi ni ya juu. Shankara, aliyeandika takriban karne ya 8, aliiona kazi isiyodai tunda kama sabuni ya moyo tu, hatua ya kuandaa maarifa yanayokomboa. Tilak, mpigania uhuru wa India aliyeandika ufafanuzi wake katika gereza la Waingereza huko Mandalay na kuuchapisha mwaka 1915, alishikilia kwamba kazi yenyewe ndiyo kiini cha kitabu. Anayesema Gita inafundisha jambo moja jepesi kuhusu kazi hajakaa na watu hawa.

Sasa tuje kwa waajiri. Oktoba 2023 Narayana Murthy, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya kompyuta ya Infosys, alisema vijana wa India wafanye kazi saa 70 kwa wiki, akitoa mfano wa Japani na Ujerumani baada ya vita. Januari 2025 ilisambaa video ya mwenyekiti wa Larsen & Toubro, S. N. Subrahmanyan, akisikitika kwamba hawezi kuwafanyisha kazi wafanyakazi wake Jumapili, akataja saa 90, na kuuliza mtu atakaa nyumbani amtazame mkewe hadi lini. Kauli hizo zilikuwa za tija na ushindani, na sitawabebesha aya ambayo hawakuitumia. Lakini zilitua kwenye udongo uliokwisha kulimwa. Kwa miaka mingi kumekuwa na biashara nzima ya kuigeuza Gita kuwa elimu ya uongozi wa makampuni, na somo lake la kwanza huwa lilelile: zingatia mchakato, sahau zawadi. Mfanyakazi aliyelishwa somo hilo anaporudi mezani akakuta saa zimeongezwa na mshahara umesimama, tayari ana jina la heshima la kuita kimya chake.

Ujanja ulipo ni huu. Gita inamtaka Arjuna aachilie tunda, lakini haisemi tunda lipewe mtu mwingine ale. Katika sura ya tatu Krishna anataja makusudi ya kazi ya namna hii: kuushikilia ulimwengu usisambaratike, kama alivyofanya mfalme Janaka. Kisha anajitaja mwenyewe. Katika dunia zote tatu, anasema, hakuna kitu ambacho sijakipata na ninachotafuta kukipata, na bado natenda. Yaani msemaji ameanza na nafsi yake, na hana faida anayongoja. Tena tazama alipokaa. Ameapa kutoshika silaha katika vita hivyo. Kazi aliyoikubali ni ya kushika hatamu za farasi wa mtu mwingine, kazi ya mtumishi. Mwenye hisa anayesubiri gawio mwisho wa mwaka hawezi kukikalia kiti hicho na kumwambia mhandisi wa miaka 24 kwamba matunda ni udanganyifu. Wahenga wetu walisema mchumia juani hulia kivulini, na hakuna aya ya Gita inayoruhusu mmoja achumie juani ili mwingine alie kivulini.

Ushahidi bora ninaoujua hautoki kwenye falsafa. Unatoka kwenye viwanda vya nguo vya Ahmedabad. Mwaka 1917 tauni iliuingia mji, watu wakaanza kukimbia, na wenye viwanda wakawapa wafumaji posho kubwa ili wabaki, kwa wengine ikifika asilimia 70 au zaidi ya mshahara. Tauni ilipopungua, posho ikafutwa, huku bei za vitu zikiwa zimepanda kwa sababu ya vita kuu. Wafanyakazi walitaka nyongeza ya asilimia 50. Wenye viwanda walisimama kwenye 20. Gandhi, ambaye miaka mingi nyuma alikuwa amekariri sehemu kubwa ya Gita huko Johannesburg kwa kubandika aya ukutani na kuzisoma akipiga mswaki, aliitwa kusaidia. Hakuwaambia wafumaji kwamba mshahara ni tunda na tunda haliwahusu. Alikaa na hesabu za gharama za maisha na mishahara ya viwanda vya kwingine, akafikia asilimia 35, akawaapisha wasirudi kazini kwa pungufu ya hapo. Tangu tarehe 22 Februari 1918 milango ya viwanda ilifungwa, na kila siku walikusanyika chini ya mti wa mbabuli kando ya mto Sabarmati.

Wiki ya tatu njaa iliuma. Tarehe 12 Machi wenye viwanda wakafungua milango kwa yeyote atakayekubali asilimia 20. Msaidizi wa Gandhi alipokwenda kwenye makazi ya wafanyakazi kuwahimiza waje mkutanoni, alijibiwa jibu kali: Gandhi na mwenzake Anasuya, dada wa mwenye kiwanda, wana shida gani? Wanakuja na motokaa, wanakwenda na motokaa, wanakula vizuri, na sisi tunakufa. Nadhani sentensi hiyo ya watu wasio na jina ina uzito kuliko vitabu vingi vya ufafanuzi. Waliokuwa chini ya mbabuli walikuwa wakihubiriwa uthabiti na watu walioshiba. Gandhi aliusikia ukweli wake. Tarehe 15 Machi akatangaza kwamba hali chakula wala hapandi motokaa mpaka mambo yamalizike. Siku tatu baadaye pande zote zilikubali msuluhishi, na msuluhishi hatimaye akatoa asilimia 35. Miaka miwili baadaye ukazaliwa muungano wa wafanyakazi wa nguo wa Ahmedabad. Gandhi mwenyewe aliandika baadaye kwamba mfungo ule ulikuwa na dosari kubwa, kwa kuwa uliwabana wenye viwanda waliokuwa rafiki zake. Hata hivyo huyu ndiye mtu aliyeiita Gita mama yake, na alipigania tarakimu: thelathini na tano, si ishirini. Kutodai tunda hakukumzuia kudai haki ya mtu mwingine.

Nisije nikaonekana natetea kitabu kisichoguswa. Kuna hoja dhidi yake ambazo haziondoki kwa kunukuu aya nyingine. Nzito kuliko zote ni ya Ambedkar. Yeye aliiona Gita kama utetezi wa kifalsafa wa mfumo wa matabaka manne, uliotungwa kuujibu Ubuddha, na ana pa kusimamia. Sura ya 18 inagawa kazi kwa tabaka, ikimpa Shudra, mtu wa tabaka la chini kati ya hayo manne, utumishi kama jambo la asili yake, na kusema ni bora wajibu wako uliofanywa vibaya kuliko wa mwingine uliofanywa vizuri. Mwambie mtu aliyezaliwa kwenye kazi ya kubeba kinyesi kwamba haki yake i katika kazi tu. Gandhi na wenzake waliojaribu kuisafisha Gita walilazimika kuupuuza au kuupindisha mgawanyo huo. Ninaamini fundisho linaweza kusimama bila mgawanyo huo, lakini anayesema mgawanyo huo haumo humo anadanganya.

Hoja ya pili ni ya Amartya Sen, mchumi aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1998. Kwa maoni yake Arjuna hakushindwa hoja. Alijibiwa tu. Maswali yake kuhusu nani atakufa na kwa mkono wa nani yalikuwa ya mtu anayechukua dhamana ya matendo yake, na Mahabharata yenyewe, inapofika mwisho, haionyeshi ushindi. Inaonyesha nchi ya wajane. Hapa namkubali Sen zaidi ya nusu. Krishna mwenyewe, aya kumi tu kabla ya ile maarufu, anamshawishi Arjuna kwa matokeo: ukiuawa utapata mbingu, ukishinda utaifaidi dunia. Kitabu kinachokataza kutamani tunda kimeanza kwa kulionyesha tunda, na hakuna mfafanuzi aliyeniridhisha kwa nini.

Na Gandhi huyohuyo anatupa mfano wa jinsi fundisho linavyoweza kuumiza hata mikononi mwa mkweli. Akiwa Afrika Kusini aliacha kulipia bima ya maisha ya rupia 10,000 aliyokuwa ameikata, kwa kuona kwamba Gita inamtaka asimiliki na asitegemee. Aliandika kwamba Mungu aliyemuumba mke wake na watoto wake atawatunza. Inasikika kama imani kuu. Lakini bima ile ilikuwa tunda la nani? Kama angekufa, angefaidika mkewe, Kasturba, na hakuna mahali tunaposimuliwa kwamba aliulizwa. Kipimo kilekile nilichotumia kwa mwenye kiwanda kinamhusu mume: aachilie lake, asiachilie la mwenzake kwa niaba yake.

Kipimo hicho kikishikwa, mjadala wa sasa India unabadilika sura. Tarehe 21 Novemba 2025, wiki chache tu baada ya ile rasimu, serikali ilianza kutumia sheria nne mpya za kazi zilizochukua nafasi ya sheria 29. Zina mema yake. Kwa mara ya kwanza wapeleka vyakula na madereva wa programu za simu wametajwa katika sheria ya hifadhi ya jamii. Lakini pia kiwanda chenye wafanyakazi wasiofika 300 sasa kinaweza kuwapunguza bila kibali cha serikali, pale ambapo mpaka wa zamani ulikuwa 100. Notisi ya mgomo ya siku 14, iliyokuwa ikizihusu huduma muhimu za umma, sasa inavihusu viwanda vyote. Na nusu ya wafanyakazi wakichukua likizo ya dharura siku moja kwa mpango, huo unahesabiwa kuwa mgomo. Mtu anaweza kuzitetea sheria hizi kwa hoja za uchumi, za kuvutia uwekezaji na kukuza viwanda, na hoja hizo zijibiwe kwa uchumi. Kinachonitia shaka ni zinapokuja zikiwa zimevishwa dharma, kwa sababu wajibu wa mfanyakazi katika vazi hilo huwa unaandikwa kwa urefu, na wajibu wa mwenye mali kuachilia lake hauandikwi popote.

Na anayetaka kweli kuitumia Gita kama hati ya kazi, asiishie sura ya pili. Katika aya ya 63 ya sura ya mwisho, Krishna akiwa amemaliza hoja zake, anamwambia Arjuna: nimekufunulia yote, litafakari lote bila kubakiza, kisha fanya upendavyo. Aliyekuwa na uwezo wa kuamuru amekataa kuamuru. Arjuna anakubali kupigana, lakini anakubali akiwa na njia ya kukataa iliyo wazi mbele yake. Fundi wa kiwanda kidogo cha Surat, anayejua kwamba akigoma bila notisi atatozwa faini na akilalamika peke yake ataondolewa kesho, hayuko mahali alipokuwa Arjuna aya hiyo iliposemwa.